Zulia la Kiamuya

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Mwanasiti binti Huseni alikuwa amepiga magoti sakafuni akishona pindo la zulia la msikiti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati huko Majengo, mjini Nyeri. Alikuwa na miaka sitini, na kwa thelathini kati ya hiyo alikuwa akitengeneza mazulia, mito ya makochi na mikeka. Jirani yake Ayub, fundi wa miavuli, alikuwa ameketi mlangoni kwa sababu kulikuwa na jua, na siku za jua hakuna anayemkumbuka fundi wa miavuli.

Mwanamke mrefu mwenye sweta ya kijani alimpita Ayub akiwa na kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa kamba. Alisema anaitwa Watiri, alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na ametoka Naro Moru.

"Hii zulia ni ya mama yangu," alisema. "Nondo wameimaliza. Ameniambia anataka iwe sawa kabla hajatuacha."

"Mama ana umri gani?"

"Themanini na tisa. Akili iko sawa. Ni magoti tu."

Walilitandaza. Lilikuwa zulia la viraka, urefu wa mtu aliyelala na upana wa nusu yake, limeshonewa juu ya gunia la katani. Mwanasiti alihesabu viraka hamsini na kitu. Kulikuwa na kola za mashati, vipande vya blanketi, sketi ya shule, gauni la maua, mfuko wa unga. Utepe wa kitambaa cha buluu ulipita katikati ukijipinda. Upande mmoja wa utepe huo kulikuwa na kiraka kikubwa kuliko vyote, cha kaki nzito, chenye matundu mawili ya vifungo. Kaki ndiyo iliyokuwa imeliwa zaidi.

"Mama alishona lini?"

"Wakati wa hali ya hatari, walipofungiwa kijijini. Zaidi ya hapo hajawahi kutuambia. Tulikatazwa tu kuikanyaga na viatu."

Mwanasiti alipitisha kidole kwenye ukingo wa utepe wa buluu. Mshono wake ulikuwa wa cherehani, wa safu mbili, safu ya pili ikirudi nyuma hatua tatu kila inapofika mwisho. Hakuna mtu mwingine mjini Nyeri aliyewahi kushona hivyo isipokuwa marehemu baba yake. Aliandika jina la Watiri na namba ya simu kwenye kadi, akaibana pembeni mwa zulia.

Wiki iliyofuata alianza na kaki. Ilikuwa imeoza, haikushika uzi, kwa hiyo aliamua kuifumua yote. Chini yake hakukuta gunia alilotarajia. Alikuta viraka vingine vinne, rangi zao mpya kabisa: shati la mistari, blanketi la kahawia, gauni la manjano lenye vidoti, na kipande cha mfuko wa unga chenye nusu ya herufi. Vilikuwa vimepangwa kama wenzao, kila kimoja na mpaka wake. Mtu alikuwa amevishona kwa uangalifu, kisha baadaye akavifunika kwa kaki.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha ndani ya karakana. Haikupitia kwenye bati. Ilianzia hewani, kimo cha meza hivi, ikanyesha juu ya vile viraka vinne kwa dakika ishirini na kukoma. Mwanasiti aliyasogeza mazulia ya wateja wengine ukutani yasilowe, akaenda kuchukua kitambaa cha kupangusia sakafu. Alipoyakamua maji aliyapata na udongo mwekundu.

Alimpigia simu Watiri.

"Kwenu kumenyesha leo?"

"Naro Moru? Hapana. Huku ni upepo tu."

"Na nyumbani kwenu kwa asili?"

"Kwetu ilikuwa Kiamuya, kule juu kwenye majani chai. Lakini tulitolewa huko kabla sijazaliwa. Sijui kama kunanyesha."

Siku ya tisa kulichomoza machipukizi, moja kwenye kila kiraka. Ayub aliingia kuazima mkasi, akainama.

"Hiyo ni njahi," alisema, akiyatambua majani ya yale maharagwe meusi. "Inapanda. Itataka kijiti."

Alirudi na mbavu nne za mwavuli uliovunjika, akazichomeka moja moja kando ya kila mche, akaendelea na kazi yake.

Watiri alikuja Jumamosi pamoja na mama yake, Wamucii. Bibi huyo alishushwa kutoka kwenye gari la mpwa wake, akaingizwa ndani na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya zulia. Aliangalia miche, kisha akazungumza kwa Kikuyu, na Mwanasiti aliyezaliwa Nyeri alielewa kila neno.

"Umetoa koti la Ndungu," alisema.

"Ilikuwa imeoza, Cucu," alijibu Mwanasiti, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Ilikuwa nzito kuishona. Vidole vilinitoka damu."

Ndipo alipoeleza, na Watiri akasikia pamoja na wengine. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne nyumba zote za Kiamuya zilichomwa, na watu wakakusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Miti ya mipaka iling'olewa. Wanawake waliogopa kwamba siku wakirudi hakuna atakayejua shamba la nani liliishia wapi. Wamucii alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa na mkono mzuri wa sindano. Kila nyumba ilimpa kipande cha nguo, naye akakishona mahali pake, utepe wa buluu ukiwa ndio mto wa kijiji, katikati. Kitambaa cha mto alipewa na fundi Mwislamu mjini, siku aliyopata pasi ya kuja hospitali. Fundi yule alimshonea kingo kwa cherehani bila kumuuliza ni ya nini.

"Alikuwa mtu wa meno yenye mwanya," Wamucii alisema.

"Alikuwa baba yangu," alijibu Mwanasiti, akaenda kuwasha jiko la chai, na alikaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Mashamba yalipopimwa upya, Ndungu aliyekuwa hedimani, mkuu wa kijiji chini ya Waingereza, aliandikisha manne kuwa yake. Yalikuwa ya watu waliokuwa kizuizini au waliokufa, na hakukuwa na wa kuwasemea. Shati la mistari lilikuwa la Gikonyo, mume wa Wamucii. Blanketi lilikuwa la Gatimu. Gauni la manjano lilikuwa la mjane Murugi. Mfuko wa unga ulitoka kwa Kariithi, kijana ambaye hakuwa na mke wala nguo ya pili, na ambaye hakurudi. Mke wa Ndungu alipotupa koti kuukuu la mumewe, Wamucii aliliokota, akalikata, akalishona juu ya viraka vinne.

"Kwa nini, Maitu?" Watiri aliuliza. "Si ungeacha tu yetu ionekane?"

"Nilikuwa nachora shamba. Na shamba lilikuwa limekuwa hivyo."

Jumatatu iliyofuata Watiri alisema wangeenda ofisi ya mashamba. Zulia halikuweza kukunjwa kwa sababu ya miche, kwa hiyo Ayub aling'oa mlango wa karakana, wakalitandaza juu yake na kulibeba kwa mkokoteni hadi mjini. Karani aliyewapokea aliitwa Muriithi. Alitoa rula, akapima, akaleta ramani ya zamani kutoka kwenye kabati na kuziweka pamoja. Alifanya kazi hiyo nusu saa nzima. Ilinyesha kidogo juu ya kaunta, akasogeza mafaili.

"Hii iko sawa kuliko yetu," alisema mwishowe. "Hapa kwenye kona ya mto sisi tulikosea."

"Kwa hivyo?" aliuliza Watiri.

"Haina muhuri, Mwalimu. Na hiyo file ilifungwa hamsini na tisa. Hata ingekuwa na muhuri, ingekuwa imechelewa." Alikunja ramani yake taratibu. "Mimi mwenyewe ningependa iwe vingine."

Alizunguka kaunta akawasaidia kupitisha mlango kwenye mlango.

Mvua iliendelea kunyesha Majengo, kila siku ya pili, kimo cha meza. Mwezi wa tano ulipokaribia kuisha njahi ilikuwa imefika juu ya mbavu za miavuli na kutoa maua ya zambarau. Ndipo mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye koti zuri la kahawia, alipoegesha gari mbele ya kibanda cha Ayub na kumuulizia fundi wa mazulia. Alisema anaitwa Mutahi, wa Kiamuya.

"Nimekuja kuhusu mvua," alisema.

Mwanasiti alimkaribisha akae. Siku hiyo Wamucii na Watiri walikuwepo, kwa sababu Watiri alikuwa amezisaka zile familia nyingine na kuziita. Wajukuu wawili wa Murugi walikuwa wameshafika kutoka Wang'uru, walikokuwa wakiuza mchele. Wa Gatimu alikuwa bado njiani.

Mutahi alieleza bila kupaza sauti. Kwa wiki saba mvua ilikuwa ikinyesha Kiamuya yote, ikifika kwenye ua wa shamba lake inakatika. Majirani wake walikuwa wakivuna majani chai hadi jioni. Yake yalikuwa yamekuwa ya kahawia, unayafikicha mkononi yanakuwa unga. Mtu wa ofisi ya mashamba alikuwa amemwambia aje Majengo.

Aliyatazama maji yaliyotuama kwenye shati la mistari. "Ni hii," alisema.

"Ni hiyo," alisema Mwanasiti.

Wamucii alimwita karibu kwa kidole. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Ndungu, Cucu. Mjukuu."

"Uko na kidevu chake. Unajua hivi viraka ni vya nani?"

"Nilisikia baba akisema siku moja, akiwa mgonjwa. Sikuuliza zaidi."

"Basi rudisha shamba."

"Cucu, hiyo siwezi. Cheti kina majina ya ndugu zangu watano, na kiko benki. Hata ningetaka, peke yangu siwezi."

"Najua," alisema Wamucii. "Nilitaka useme mbele ya watu kwamba kuna kitu cha kurudisha."

Hapo mlangoni alitokea msichana mwenye mimba ya miezi sita, amevaa aproni ya mpira ya wachumaji chai na viatu vyenye udongo mwekundu. Mutahi aligeuka.

"Anita? Unatafuta nini huku?"

"Nimeitwa. Nimeambiwa kuna kiraka ya guka yangu." Aliangalia sakafuni hadi akaonyeshwa blanketi la kahawia, akachutama kwa shida, akaligusa. "Alikuwa anaitwa Gatimu."

Mutahi alikuwa amemwajiri Anita miaka minne. Kila asubuhi alikuwa amemwona akiingia shambani na kikapu mgongoni, na hakuna hata mmoja wao aliyejua alikuwa anaingia kwa babu yake. Sasa wote wawili walijua. Ayub, aliyekuwa amesimama nje, alisogea kando asizuie mwanga.

Watiri ndiye aliyeanza. "Mvua ikae hapa," alisema. "Miaka sabini wamevuna kwetu. Wacha hiyo chai ikauke yote. Ofisi imekataa, lakini mbingu haijakataa."

Wajukuu wa Murugi waliafiki. Wamucii alikuwa anamtazama Anita.

"Wewe ni wa Gatimu," alimwambia. "Kiraka ni chako. Sema unataka nini."

Anita aliinuka akishika kiuno. Ilionekana hakuzoea kuulizwa.

"Cucu, mimi niko na wiki tatu sijaitwa kazi. Tuko kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wetu alichukua hiyo shamba. Hii njahi ni nzuri, lakini ni shina moja." Aliangalia blanketi la kahawia. "Mimi nataka inyeshe kule. Lakini sitaki hii ifunikwe tena."

Wamucii alifumba macho. Watiri alidhani amelala, lakini alikuwa analia, kidogo tu, kwa namna ya mtu aliyekwisha kulilia jambo hilo hilo mara nyingi.

"Basi shona," alimwambia Mwanasiti.

Mwanasiti alikuwa amekaa na zulia hilo zaidi ya miezi miwili. Alikuwa amepalilia, amefagia udongo wake, amelala karakanani karibu nalo. Hakutaka kushona. Lakini pia alikuwa fundi, akajibu kama fundi.

"Cucu, nikifunga pande zote nne, cha chini kitaoza. Safari hii hakitapona. Kitambaa lazima kipumue. Naweza kushona pande tatu. Upande wa mto niuache wazi, njahi itokee hapo, na mvua itakayovuka iingie hapo."

"Upande wa mto," alisema Wamucii. "Ndiyo."

"Ila kaki haifai tena. Nahitaji kitambaa kingine."

"Nitanunua chochote," alisema Mutahi. "Niambie mita ngapi."

Wamucii alitikisa kichwa. "Kiraka hakinunuliwi dukani. Hutoka kwenye nguo ya mwenyewe. Kila mtu kwenye hili zulia alivaa kwanza."

Mutahi alielewa. Alisimama akatoa vitu mfukoni: simu, funguo, kadi ya kanisa. Kisha akavua koti la kahawia, akalikunja mara mbili na kumpa Mwanasiti kwa mikono yote miwili. Ilikuwa siku ya baridi. Alibaki na shati.

"Jina langu litakuwa hapo sasa," alisema.

"Litakuwa hapo," alisema Wamucii. "La babu yako lilikuwa limeanza kutoweka."

Mwanasiti alifumua koti siku hiyo hiyo. Alitumia mgongo, mikono yote miwili na sehemu ya mbele, akavishona pande tatu kwa sindano ya gunia. Upande wa nne, unaopakana na utepe wa buluu, aliupindia ndani na kuupiga mshono wa safu mbili, safu ya pili ikirudi nyuma hatua tatu, ili usifumuke. Mashina ya njahi aliyapinda taratibu hadi yakatokea pale penye nafasi. Jani moja lilivunjika. Alijisikia vibaya hadi jioni.

Alhamisi mvua ilinyesha kwenye majani chai ya Mutahi. Anita alipiga simu kusema wameitwa kazi wote kumi na wawili. Majengo nako kulinyesha, kidogo, upande wa mto tu, kiasi cha kulowesha kitambaa kimoja cha kupangusia.

Zulia lilikuwa limekwisha, lakini halikuweza kwenda Naro Moru kabla ya mavuno. Watiri alianza kuja kila Jumamosi kupalilia. Alikuwa bado na hasira, na alipalilia vizuri zaidi kwa ajili hiyo. Wajukuu wa Murugi walileta mchele. Siku moja mmoja wao aliuliza nani anaangalia kiraka cha Kariithi, yule kijana asiyeacha mtu, na Ayub akasema kutoka mlangoni kwamba ni yeye, tangu mwezi wa nne.

Waliivuna njahi mwezi wa nane, Jumamosi, jua likiwa limefichwa na mawingu. Kila shina lilitoa bakuli moja. Waligawana: bakuli la Gikonyo, la Gatimu, la Murugi. La Kariithi waliliacha liwe la mbegu, na kila mmoja akachukua kiasi. Siku nne kabla yake Anita alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye alikuwa amekuja naye akiwa amemfunika kwa shali. Kwa Wakikuyu njahi ndicho chakula cha mama aliyejifungua, kwa hiyo hapakuwa na mjadala kuhusu nani angepikiwa kwanza. Mwanasiti aliweka sufuria jikoni. Wamucii alisema maji yawe mengi na chumvi iwekwe mwisho.

Anita alikula polepole, ameketi kwenye kiti cha plastiki, Wamucii akiwa amempakata mtoto.

"Iko aje?" aliuliza Watiri.

Anita alifikiri. "Iko na udongo kidogo," alisema. "Ni tamu."

"Ongeza," alisema Wamucii, na Mwanasiti akaongeza.

Mutahi hakuja, lakini alituma kikapu cha viazi na ujumbe kwamba amewaita ndugu zake watano wakutane Desemba, na kwamba wawili wamekubali kuja. Watiri alisoma ujumbe kwa sauti, akasema wawili si watano. Wamucii akasema jana walikuwa sufuri. Mambo yalibaki hivyo. Cheti kilibaki benki, na faili likabaki limefungwa.

Mwezi wa kumi Anita alirudi kazini, mtoto mgongoni na kikapu kando. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa laini. Kwenye mstari wa saba, mahali ambapo ramani ya Wamucii ilionyesha blanketi la kahawia, aliinama akatoboa ardhi kwa kidole na kutia mbegu tatu. Msimamizi alikuwa nyuma yake.

"Unapanda nini hapo?"

"Njahi," alisema Anita.

Msimamizi alipatazama. Kisha akaokota kijiti kilichokuwa kimeanguka na kukichomeka kando yake, ili wanaopogoa wajue pa kupita.